SINDANO NA KURA: TUMSHONEE BIBI TITI KITAMBAA CHAKE

(Hotuba kwa akina mama na wanachama wa Karagwe na Kyerwa)

Ndugu wanachama, akina mama wa Karagwe na Kyerwa, na ninyi akina baba mliosimama huko nyuma karibu na mlango mkidhani kwamba maneno ya leo si yenu:

Nimekuja kusema juu ya kitambaa. Najua wako watakaocheka. Watasema bei ya kahawa ndiyo habari, barabara ndiyo habari, na huyu anatuletea mambo ya sindano na uzi. Wacheke, lakini wacheke wakiwa hapa hapa wasiondoke, maana kitambaa ninachokisema kina jina la mtu, na mtu huyo anatudai.

Mtu mwenyewe ni Bibi Titi Mohamed.

Hebu tuanze na hesabu. Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai, 1954. Waliokaa katika kikao kile cha kuzaliwa kwake walikuwa watu 17. Majina yao yamechapishwa mara nyingi na watoto wetu huyakariri shuleni. Yasomeni moja baada ya moja, toka la kwanza hadi la kumi na saba, hamtakuta la mwanamke. Mwaka uliofuata, 1955, akapita Dar es Salaam Mwingereza mmoja wa chama cha Labour, jina lake John Hatch. Alipokwisha kuelezwa habari za chama akauliza: na wanawake wenu wako wapi? Swali lilikuwa jepesi, jibu halikuwapo. Hapo ndipo Titi binti Mohamed alipotafutwa. Kadi yake ikawa namba 16. Ya mumewe, Boi Selemani, ilikuwa namba 15.

Alikuwa nani mwanamke huyu? Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma hadi darasa la nne. Alikuwa mwimbaji wa maulidi mwenye sauti inayojulikana mjini, tena kiongozi katika kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. Kwa macho ya Serikali ya wakati ule hakuwa mtu wa maana. Hakuwa mwalimu, hakuwa karani, wala hakujua Kiingereza cha kubishana na Bwana Shauri. Na katika kutokuwa na hayo yote ndimo nguvu yake ilimokuwa.

Nieleze kwa nini. Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa waraka wa kuwakataza watumishi wake wasijiunge na vyama vya siasa. Karani akikutwa na kadi, kazi imekwisha, na nyumba ya Serikali imekwisha, na mshahara umekwisha. Wasomi wengi wakaipenda TANU moyoni tu, mikono ikabaki mfukoni. Lakini mwanamke mwenye kukaanga vitumbua asubuhi na kuviuza mlangoni kwake alikuwa na mwajiri gani wa kumfukuza? Bibi Titi hakwenda kugonga milango ya wasomi. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, mwanamke kwa mwanamke, kikundi kwa kikundi, na ilipofika Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekwisha kuandikwa.

Sasa angalieni jambo moja ambalo wenye kuandika historia hulipita upesi. Vikundi vile vya ngoma vilikuwa na desturi ya sare. Wanawake thelathini au arubaini wanapatana juu ya doti ya namna moja, wanachanga fedha kidogo kidogo, wanaweka siku, wanatokea wote wamevaa sawasawa, na asiyekuja anaulizwa sababu. Mtu aliyezoea mambo hayo amekwisha kujifunza zaidi ya nusu ya kazi ya chama cha siasa: kuchanga, kutunza fedha ya wenzako bila kuila, kutii kiongozi mliyemchagua, na kuonekana hadharani mkiwa wengi. Mzungu alipoona kanga zile aliona wanawake wanacheza ngoma. Hakujua kwamba anatazama matawi ya chama.

Tena iko habari nyingine ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1951 mke wa Gavana, Lady Twining, alikuwa ameanzisha Baraza la Wanawake wa Tanganyika. Vilabu vya wanawake vya miaka ile vilifundisha kupika, usafi, kulea watoto, na zaidi ya yote kushona na kufuma. Sisemi mafunzo hayo yalikuwa mabaya. Vitambaa vya makochi vilivyomo sebuleni mwa wengi wenu leo, vile vyeupe vyenye maua pembeni, mkono wake ni wa mafunzo ya namna hiyo, mama akimfundisha binti. Lakini kusudi la wakubwa lilionekana: mwanamke ashike sindano ili asishike siasa. Basi leo nasema sindano ile ile tuliyopewa ili tunyamaze, tuisemeshe.

Nije kwenye kura yenyewe, kwa maana vijana wetu hudhani kura ilikuja siku moja kama mvua.

Mwaka 1958 na mwanzo wa 1959 Serikali ya kikoloni ilitupa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi huo ndio ule wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Ukiacha mmoja, karatasi yako imeharibika. Na kabla hujafika kwenye karatasi, lazima uwe na sifa. Uwe na miaka 21. Kisha uwe umesoma hadi darasa la nane, au uwe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au uwe na cheo kinachotambuliwa. Sasa niambieni, mwaka 1958 katika Karagwe nzima, mama gani alikuwa na darasa la nane? Mama gani alikuwa na pauni 150? Kahawa ilikuwako, ndiyo, lakini mti wa kahawa ulikuwa wa nani, na fedha ya kahawa ilipokelewa na mkono wa nani? Cheo ndiyo kabisa usiseme. Kwa maneno mengine sheria haikuandika mahali popote kwamba wanawake wasipige kura. Iliandika tu mambo matatu ambayo wanawake karibu wote hawakuwa nayo.

TANU ilibishana sana juu ya kura tatu. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 nusura uvunje chama. Mwalimu Nyerere akawashawishi wajumbe waingie katika uchaguzi, wakaingia, wakashinda. Huku kwetu Ziwa Magharibi, George Kahama, aliyekuwa meneja wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, alikwenda Barazani. Na Mama Barbro Johansson, Mswidi aliyekuja nchini mwaka 1946 na kuwafundisha mabinti wa Buhaya pale Kashasha, naye aliingia Barazani mwaka 1959 akiwa upande wa TANU, kwenye kiti cha Mzungu. Nawaheshimu wote wawili. Lakini fikirini: akina mama waliokuwa wamekichukua chama mabegani walisimama nje ya uzio, wakatazama wengine wakipiga kura.

Agosti 1960 sifa zikalegezwa: pato likashushwa hadi pauni 75, na mwenye kujua kusoma na kuandika Kiswahili akakubaliwa. TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Bibi Titi akawa mbunge wa Rufiji. Lakini hata hapo, viti 58 vilipita bila kupingwa, maana yake katika sehemu nyingi za nchi hapakuwa na kura ya kupiga. Ndiyo sababu mkimwuliza bibi kizee wa Kaisho au wa Nyaishozi ni lini alipiga kura mara ya kwanza katika maisha yake, asipokujibu 1960 msimsahihishe. Huenda akawaambia Novemba 1962, tulipomchagua Rais wa kwanza wa Jamhuri, ambapo watu wazima wote waliruhusiwa, msomi na asiye msomi. Au atawaambia 1965, mwaka wa jembe na nyumba.

Jembe na nyumba mnazijua? Mwaka 1965 karibu kila jimbo liliwekwa wagombea wawili wa chama kile kile kimoja, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Mwanamke asiyejua herufi hata moja aliingia, akaona jembe, akaona nyumba, akaamua. Nazitaja alama hizo kwa sababu ni rahisi sana kudarizi, na nitazirudia.

Katika uchaguzi huo huo wa 1965 Bibi Titi aliangushwa Rufiji. Wenye jimbo waliamua, na hiyo ndiyo maana ya kura; yeye mwenyewe aliyepigania kura asingeweza kusema vingine. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa UWT, umoja aliouongoza tangu ulipoundwa mwaka 1962. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo, hakukubali, akajiuzulu. Oktoba 1969 akakamatwa pamoja na aliyekuwa waziri, Michael Kamaliza, na maofisa wa jeshi, kwa shitaka la uhaini. Kesi ikasikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe akatoka.

Akatoka, akaingia katika kimya. Nataka mkielewe kimya hicho, maana ndicho kilichonileta hapa. Hakuna aliyetoa amri kwamba jina lake lisitajwe. Kama ipo amri hiyo mimi sijaiona. Watu waliacha tu. Mwalimu wa shule akifundisha habari za Uhuru aliruka mstari mmoja. Msemaji wa mkutano akitaja mashujaa alitaja wale 17 akatosheka. Watoto waliozaliwa baada ya 1970 wakakua wakidhani Uhuru ulipiganiwa na wanaume na kupigiwa vigelegele na wanawake. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, gazeti la Chama likamtaja kuwa shujaa wa mapambano ya Uhuru. Vizuri. Lakini kati ya 1969 na 1991 ni miaka 22, na katika miaka 22 mtoto mchanga huwa mtu mwenye mtoto. Alifariki tarehe 5 Novemba, 2000, hospitalini Johannesburg.

Mtu mmoja ameniambia: lakini si anayo barabara? Anayo. Barabara ya Bibi Titi Mohamed iko katikati ya Dar es Salaam, na daladala hupita hapo mchana kutwa. Waulizeni abiria. Wengi watawaambia hapo ndipo penye foleni. Barabara ni heshima anayotoa mtawala, na mtawala akitaka huibadilisha jina kesho. Mimi nazungumzia heshima itakayotoka mikononi mwenu.

Mwingine akasema: Bibi Titi alikuwa wa pwani, sisi tuko mpakani na Rwanda na Uganda, anatuhusu nini? Waitu, huyo aliyeuliza, sijui kadi yake ya kwanza aliandikiwa na nani! Nguo zenyewe tunazovaa zilifika Karagwe kwa njia ya pwani. Kabla ya hapo wazee wetu walivaa ngozi, na magome ya mti yaliyopondwa kwa nyundo za miti mpaka yakawa laini, ambayo ndiyo orubugo. Katika enzi ya Mukama Rumanyika, ambaye Speke alimkuta hapa mwaka 1861, misafara ilifika mpaka kituo cha Kafuro ikiwa imebeba merikani. Kitambaa kile kilifumwa Marekani, kikashushwa Unguja, kikatembea kwa miguu hadi Bweranyange. Ikiwa kipande cha bafta kiliweza kufunga safari hiyo yote kikapokelewa, jina la mwanamke aliyetuandikisha katika chama nalo litapokelewa.

Hao waliokuja na merikani ndio waliofungua njia ya kanga. Kanga, kama mjuavyo, ni mtoto wa leso. Wanawake wa mwambao mwishoni mwa karne ya 19 walinunua leso za Kireno ambazo hazijakatwa, wakaziunganisha sita sita zikawa nguo moja. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuagiza zilizokwisha kuchapwa hivyo. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi zetu. Pindo pembeni, mji katikati, jina chini yake. Mwanamke asiyeruhusiwa kusema barazani alisema kwa kanga, na aliyesemwa akaelewa, na hakuna mahakama ya kumshitaki. Serikali ikitaka gazeti lisichapishwe hulifunga. Jaribuni kuifunga kanga!

Wala si sisi peke yetu. Huko Uingereza kwenyewe, nchi iliyotuwekea masharti ya darasa la nane, wanawake walinyimwa kura mpaka 1918, na hata mwaka huo wakapewa wale tu wenye miaka 30 na kuzidi, tena wenye mali au waume wenye mali. Usawa na wanaume waliupata 1928. Kabla ya hapo walifungwa. Mwaka 1912 wanawake waliokuwa katika jela ya Holloway, London, walichukua leso, wakadarizi majina yao kwa nyuzi, kila mmoja kwa mwandiko wake, chini ya macho ya askari wa jela. Leso moja ina majina 66, na imehifadhiwa hadi leo. Wengi kati ya wanawake wale hawana mtaa, hawana sanamu, hawana kitabu. Wana uzi ule tu, na umetosha kuwafikisha kwetu. Ajabu ni kwamba miaka 30 tu baada ya 1928 Waingereza hao hao walitupimia kura kwa pauni, kana kwamba hawakuwahi kuwa na akina mama wa kuwafunza.

Basi pendekezo langu ni hili. Akina mama wa wilaya hizi mbili, ambazo hata 2012 zilikuwa wilaya moja, wamshonee Bibi Titi kitambaa kimoja kikubwa. Kisiwe cha kununua. Kisiwe cha kuchapwa kiwandani kikaandikwa majina ya wafadhili pembeni. Kiwe cha viraka, kila kijiji kiraka chake, vikiunganishwa juu ya kaniki nyeusi.

Juu ya sura yake, mimi sishauri tuidarizi. Uso wa mtu ni kazi ngumu kwa sindano, tutamtoa amefanana na shangazi wa mtu. Tuweke kadi yake, namba 16, kubwa, katikati, mahali pa mji. Kuizunguka tuweke vitu ambavyo mkono wa kila mmoja wenu unaviweza: jembe, nyumba, kibuyu, ndizi, tawi la kahawa lenye buni. Kiraka kimoja kiwe cha kura tatu, mistari mitatu ya rangi tatu, ili mtoto akiuliza mbona hii ina mistari, mama apate pa kuanzia. Na kwa kuwa tuko Karagwe, napenda sana kipande cha orubugo kishonewe humo pia. Wenzetu wa Buganda walilinda ufundi wao wa kupiga magome mpaka mwaka 2005 UNESCO ikautangaza kuwa urithi wa dunia nzima. Kwetu wazee wanaojua kazi hiyo tunawahesabu kwa vidole. Mti wenyewe hauna kinyongo: ukimenywa vizuri na kufunikwa majani ya mgomba, huota gome jingine.

Hapa nafika penye ubishi, na sitaki kuuficha. Nilipolitaja jambo hili kwa baadhi ya wenzangu, walilipenda, kisha wakashusha sauti: lakini ile habari ya 1969, hiyo tuiache. Tusiweke kiraka cha jela. Watu watasema tunachimbua. Tuweke 1955, tuweke 1960, tuweke 1962, basi.

Mimi nakataa. Nakataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, tukiiacha miaka ile tutakuwa tunafanya kwa sindano kile kile kilichofanywa kwa mdomo, yaani kuruka mstari. Mtoto atahesabu: 1955, 1962, 1965, kisha 2000 amekufa. Atauliza miaka 35 katikati alikuwa wapi, nasi tutakuwa tumemfundisha kwamba yako mambo ambayo Chama hakiwezi kuyatazama. Chama chenye nguvu hutazama. Mwalimu mwenyewe alimsamehe mwaka 1972. Sisi ni nani tuendelee kumfunga kwa kimya?

Ya pili ni kwamba kuweka kiraka si kutoa hukumu. Mahakama ilisikiliza kesi, ikahukumu. Bibi Titi mpaka mwisho hakukubali kwamba alikuwa mhaini. Kitambaa si mahakama ya rufani. Kiraka cha kaniki tupu, hakina ua wala neno, kimeandikwa pembeni 1969–1972 kwa uzi mweupe, kinasema tu kwamba hapa palikuwa na jela. Kila mtu atasimama mbele yake awaze analowaza. Kama yuko mwenye hoja nzuri kuliko hii ya kukiacha, asimame aitoe hapa mbele ya akina mama. Asininong'oneze nje.

Sasa nije kwa wale ambao ni wenu peke yenu. Bibi Titi ndiye jina tunaloanza nalo, si jina tunaloishia nalo. Kwenye vitabu mtakuta wanawake wa TANU wa Dar es Salaam, kama Tatu binti Mzee. Mtakuta wa Moshi, kama Lucy Lameck na Halima Selengia. Mtakuta wa Mwanza, kama Agnes Sahani. Wamepata bahati, mtu aliwaendea akawauliza. Mwalimu mmoja Mmarekani, Susan Geiger, alikaa nao, akaandika maneno yao, kitabu kikatoka mwaka 1997. Je, wa Nyakahanga, wa Bugene, wa Mabira, wa Murongo, wa Nkwenda, nani aliwauliza? Nani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuchukua kadi katika kijiji chako wewe unayenitazama? Nani aliyewapikia wajumbe waliokuja kwa miguu? Nani aliyeficha kadi ya mumewe chini ya mtungi?

Fanyeni hesabu nyingine pamoja nami. Aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1962 alizaliwa 1941. Amekwisha kupita miaka 80. Wengine wamekwisha kulala kwenye vibanja vyao, na kila masika tunazika mwingine. Kwa hiyo pindo la kitambaa, pande zote nne, liachwe kwa majina hayo. Jina moja kwa mshono mmoja. Asitiwe mtu kwa sababu ni mama mzazi wa mheshimiwa. Atiwe yule ambaye watu wawili walioishi wakati ule, wasio wa nyumba moja naye, wanasema: ndiyo, huyu tulimwona. Mkileta majina matano ya kweli ni bora kuliko hamsini ya kupendezesha.

Na kipo kiraka kimoja ambacho nakiombea nafasi ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa 1955. Tulipata kura 1962. Mwaka 1963 ikaandikwa sheria ya mila, ambayo ilisema mwanamke aweza kurithi shamba la ukoo alitumie maisha yake lakini hawezi kuliuza. Yaani mama aweza kumchagua Rais, lakini kibanja anachokilima kwa mgongo wake hana kauli nacho. Ikawa hivyo miaka 27. Kisha mwanamke mmoja wa Kihaya, Holaria binti Pastory, akauza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Mtu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akamshitaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba imekataza ubaguzi. Wengine husema siasa ya Bibi Titi na kesi ya shamba ni mambo mawili. Mimi nayaona ni pindo na mji. Mgomba mmoja wenye mkungu udariziwe kwa ajili ya kesi ile.

Akina baba, msidhani nimewasahau. Kazi yenu mnayo. Ninyi ndio wenye masanduku ya karatasi za zamani: kadi, stakabadhi za michango, picha zilizoliwa na mende. Fungueni masanduku. Mwaka wa kadi ya mke wako ukipatikana, andika jina lake pamoja na la baba yake, usiandike "mke wa fulani". Na mama akiwa na sindano mkononi jioni, maji ya kuoga unaweza kujichotea.

Kuhusu fedha, haitakiwi nyingi. Kaniki ya msingi na nyuzi nyeusi, nyeupe, kijani na manjano zinunuliwe kwa mchango wa akina mama wenyewe, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi, kama vikundi vya lelemama vilivyofanya. Nasikia yuko mfanyabiashara aliyekwisha kusema atalipa yote. Tumshukuru, tumwambie anunue kraka moja la sindano, tena atoe jina la nyanya yake kama alikuwa na kadi.

Maneno ya chini, yaani jina la kitambaa, sitaki kuyatunga peke yangu. Nimefikiria TITI ULITUITA TULIKUJA. Mwenye bora zaidi alete, tutapiga kura.

Viraka viwe vya mkono mmoja na shibiri moja kila upande, visizidi, ili viungane. Uzi uwe wa pamba usiochuja, mjaribu kwanza kwa maji ya moto. Wa Kyerwa vikusanywe Rubwera, wa Karagwe vikusanywe Kayanga, na viunganishwe zamu kwa zamu, mwezi mmoja huku na mwezi mmoja kule, ili upande mmoja usije ukasema kitambaa ni chao. Kikimalizika kisifungiwe ofisini. Kizunguke shuleni, kila shule wiki moja, na mwanafunzi wa darasa la nne, darasa lile alilofika Bibi Titi, awe ndiye wa kusoma majina ya pindo kwa sauti.

Orodha ya kuandika vijiji iko mezani hapo mbele. Kalamu ni moja tu, kwa hiyo pangeni mstari.